Makaa Yaliyosoma

Mama aliuza makaa kwa debe, soko la Tororo,
miaka ishirini na sita, na debe lake
lilibonyea kidogo chini, kila mteja akijua,
kila mteja akinyamaza.
Kwa hiyo sioni haya kusema:
nimekula makaa, nimevaa makaa,
hata karo ya chuo kikuu ilikuwa nyeusi vidoleni.

Siku hizi nachoma maganda ya kahawa kutoka Mbale
ndani ya mrija wa kioo kigumu, nyuzi mia nane,
naitrojeni ikipita kimyakimya
kama mgeni aliyekatazwa kugusa chochote.
Kinachobaki ni unga. Kwa jicho tupu ni masizi.
Lakini mna vijirija humo, vyembamba hata
unywele wa kichanga ni gogo la mvule mbele yao,
na kuta zao zina vishimo, na vishimo vina vishimo.
Gramu moja ukiikunjua
utatandika uwanja wa netiboli, utandike na wa pili,
ubakiwe na kipande cha watazamaji.

Nilimpa mama kichupa. Akakipima kiganjani,
akakitikisa sikioni, akacheka.
"Ni makaa haya haya, Nyaketcho.
Ila haya yamekwenda shule."

Alhamisi tulipanda tanuri la saruji,
ngazi mia moja na kumi na nne, mimi na Obbo fundi,
Mwamba ukitutazama mgongoni.
Nilidhani kosa ni la kuni na mafuta. Obbo akakataa:
"Hata ukipika kwa jua, jiwe lenyewe la chokaa
likipata moto hutoa pumzi lililoibana
tangu mwamba ule ulipokuwa uji."

Tukatoboa bomba, tukachomeka mtego.
Sindano ikashuka!
Nikapiga ukelele kama mtu aliyeona bao.
Dakika kumi na tisa.
Kisha ikaanza kupanda, polepole, bila aibu,
hadi pale pale ilipokuwa.
Unga ulikuwa umeshiba.

Nilipima usiku, mara tatu, nikitafuta kosa:
gramu kumi na mbili za unga
zimekamata gramu moja na nukta tatu.
Kwenye zile ngazi, kwenda juu peke yake,
mapafu yangu yalitoa zaidi.

"Na ukishaikamata," mama akauliza, "unaipeleka wapi?"
Nikaeleza: unga ukipashwa moto huiachia,
unaishindilia mtungini, unaizika chini sana.
"Mnaikamata, halafu mnaiachia."
Ndiyo, mama.
"Kwa moto."
Ndiyo.
Nikajitetea kwa methali, silaha ya aliyeishiwa na hesabu:
mwiba hutokea pale ulipoingilia.
Kaboni ilituingia kwa makaa, itatoka kwa makaa.
Akaendelea kuchambua mtama.
"Sawa. Lakini anayeutoa ajue pa kuutupa,
asije akaukanyaga kesho."

Sikuwa na jibu. Sina hadi sasa.

Nikaenda kunawa. Weusi wa chini ya kucha hautoki,
si kwa sabuni, si kwa limau.
Kanisani mama alikuwa akificha vidole vyake
chini ya kitabu cha nyimbo, nami nikiona.
Jana tulikula mikono minne mezani, yote ile ile,
hakuna aliyeificha.

Jumatatu najaribu maganda ya karanga.
Nyuzi mia saba na hamsini.