Njia Mbili

Njia mbili zilimshinda fisi.
Torkild, fundi wa piano mjini Aarhus,
hajapata kumwona fisi. Anachotaka ni njia panda:
sauti nzito ishike kushoto,
nyembamba ishike kulia,
zisikanyagane.

Dukani kipo kidude tayari,
cheusi, miguu minane kama buibui.
Hakukitaka. Transista mia mbili
kazipima moja moja mezani jikoni,
theluji ikikwaruza dirisha,
akitafuta pacha: zinazopata moto pamoja,
zinazopoa pamoja.
Akapata jozi kumi na moja.
Akazigandisha kwa gundi, mgongo kwa mgongo.

Moshi wa risasi. Kidole kimeungua.
Usiku wa tatu saketi ikanguruma kama friji,
kumbe waya mmoja wa ardhi
umejizungusha bure.
Akaukata.
Kimya.

Ndipo akamwita Signe wa ghorofa ya pili,
miaka tisa, soksi mguu mmoja.
“Spika ndogo inalia?”
“Inalia. Kama funguo mfukoni.”

“Vizuri,” akasema Torkild,
akaandika daftarini: *funguo*.
Mwaka wa nne sasa sikio lake
linaishia njia panda.