Tarakimu Ishirini

"Nipo njiani," ameandika Fatina.
Namjua: yupo bafuni, povu machoni,
simu kaiegemeza kwenye ndoo.
Hiyo njia anayoisema haijafika hata mlangoni.

"Poa" ya Hiza ni mbili.
Ikivutwa, poaaa, kuna chai na moyo mweupe.
Ikiwa kavu, na nukta mwishoni,
usiku ule nitalala nikiutazama mgongo wake.

Mama mwenye nyumba, ikifika tarehe ishirini na nane:
"Mwanangu, siku nyingi."
Na jana tulikuwa wote bombani.

Na yule nisiyemjua,
wa "ile hela itume kwenye namba hii,"
Dar nzima ndiye peke yake
anayetaka kilekile alichokiandika.

Basi nikajiona fundi.
Ofisini, Mtaa wa Samora, wananiletea simu zao:
hebu soma, "tutaongea" hii ana maana gani?
Nawaambia, maana yake hamtaongea.

Baba, kule Mtoni Kijichi, ana ujumbe mmoja:
"Luku inaisha."
Hana salamu, haweki jina.
Miaka thelathini karani wa bandari,
neno kwake ni shehena, lina ushuru wake.
Nami nipo foleni ya benki, au Goba napepeta mchele,
nanunua za elfu tano,
namrushia tarakimu ishirini.
Nimemaliza.

"Luku inaisha."
Tarakimu ishirini.

Masika yale, mara nne kwa mwezi.
Nikasema ni friji, lile kuukuu,
linakunywa umeme kama ng'ombe wa kiangazi.

Jumamosi nikaenda na fundi, bila taarifa.
Friji halina hata waya;
ndani Baba kapanga vitunguu.
Fundi akachungulia mita, akaniangalia.
"Dada, mbona yuniti zimejaa?"

Mezani, chini ya miwani, daftari la mistari.
Mwandiko wa karani, wino wa bluu:
tarakimu zangu, nne nne, mafungu matano,
hakuna hata moja aliyoiingiza.
Pembeni tarehe, na saa, na maneno machache:
*Kajibu baada ya dakika sita.*
*Kajibu usiku. Anachelewa kulala.*
*Siku mbili kimya. Pengine mtoto anaumwa.*
*Kajibu upesi. Leo ana nafasi.*

Na kweli zile siku mbili mtoto alikuwa na homa.
Sikumwambia mtu.

Akatoka uani, ana maji mikononi.
"Umeleta fundi?"
"Nilikuwa napita tu, Baba."

Kijichi haipitiwi na mtu wa Goba.
Hakusema kitu. Akafuta kiti kwa kanzu,
akakisogeza kwangu,
akachukua kalamu, akatazama saa ya ukutani.