Safu ya Mwisho

Kila Alhamisi ofisi hunipa vocha ya elfu tano
na daftari la waliofika mwaka ule.
Kazi yangu ni safu ya mwisho: HALI.
Moja, yu hai. Mbili, amefariki. Tisa, haijulikani.

Safu nyingine zilishajazwa na wenye makoti meupe.
Utumbo mpana, upande wa kushoto. Umesambaa wapi?
Ini. Ini. Ini na mapafu. Ini.
Utando wa tumbo. Ini.
Damu ya utumbo hupitia huko kwanza, daktari alinichorea
nyuma ya risiti ya chipsi,
ni kama mizani ya Kibaha:
lori litokalo mjini litakwepea wapi?

Hakuna safu ya mwaka mzima wa dawa za bawasiri,
amiba, tena amiba,
na haya ya kumwambia mkwe kwamba chooni kuna damu.

Napiga. Mbagala, Kitunda, Gongo la Mboto.
"Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."
Tisa.
Mtoto anapokea, anasema bibi hayupo,
simu inanyang'anywa: "Tulishamzika Rufiji, dada.
Kumi la mwisho la Ramadhani."
Mbili. Naomba tarehe kamili.
Naona vibaya kuomba tarehe kamili.

Kwenye kompyuta wote hugeuka mstari unaoshuka kwa vidato,
kila kidato mtu.
Mwanzoni unaporomoka, ndoo iliyokatika kamba.
Kisha mbele kabisa, chini, unalala,
mwembamba, umegoma kushuka.
Niliuliza ni kina nani wamesimama pale.
Wachache, akasema. Wengi wao
ni wale ambao ini liliwezekana kukatwa.

Nambari arobaini na saba. Sikudhani Pazi, Mtoni Kijichi.
Vivimbe viwili, vilitolewa. Mwaka wa sita.
Inaita. Inaita.
"Wewe tena! Sijafa.
Nina sare kumi na nne za shule mezani, sema upesi."
Moja. Naikoleza kalamu mpaka karatasi inatoboka.

"Na Kondo? Yule tuliyefuatana foleni ya dripu,
akinimenyea machungwa?"

Siruhusiwi kutoa habari za mgonjwa mwingine.
Nasema, mama, mimi kwa kweli…
Cherehani inasimama.
"Haya," anasema. "Nimesikia."

Kisha inaanza tena, polepole,
pindo refu,
na simu hajaikata.