Nilimpenda kwa Siagi

Wanaume wa huku hawasemi kifua kinauma.
Husema kuni zilikuwa mbichi,
husema shoka ni butu, au baridi imezidi,
kisha huketi kidogo juu ya gogo
na hawainuki.

Ndivyo alivyokwenda baba yake Tahvo.
Ndivyo alivyokwenda Eino, kaka yake, kwenye skii,
miaka arobaini na minne,
fimbo zote mbili zimesimama wima thelujini
kana kwamba zinamngoja.

Tahvo wangu, Jumanne moja ya Februari,
alirudi kabla ya adhuhuri,
jambo asilolifanya tangu tuoane.
Akavua glavu moja tu.
"Hilja," akasema, "mkono wa kushoto umelala."
Uso wake rangi ya uji uliopoa,
jasho linamtiririka,
na nje nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Sikumuuliza kitu. Nilipiga simu.
Msichana wa simuni akasema atafune aspirini,
atafune, asiimeze nzima,
naye akaitafuna huku amenikodolea macho
kama mtoto aliyelambishwa shubiri.

Kilomita tisini hadi hospitali.
Maisha yangu yote nimeusema moyo ovyo:
nimevunjika moyo, nimeupiga konde,
fulani ana moyo mweupe, fulani hana moyo.
Sikujua kwamba una mabomba.

Alinisimulia baadaye.
Daktari Immonen, binti mwenye viatu vya mpira,
aliingiza uzi kwenye kifundo cha mkono,
ukapanda, ukapita begani, ukashuka moyoni,
na yeye yu macho, anaona.
Akamwaga dawa ndani ya damu
na kwenye skrini ukachipua mti,
mti usio na jani, unatikisika.
Mume wangu, aliyekata mibetula miaka thelathini na minane,
akautazama akasema:
"Tawi lile halipati maji."
"Ndilo hilo," daktari akajibu.
Puto jembamba kama njiti ya kiberiti likavimba,
likasukuma mafuta ukutani,
likaacha wavu wa chuma mdogo, umeshika mlango wazi.

Mafuta hayo nayajua.
Niliyapaka mimi.

Miaka thelathini na mmoja nimempenda kwa siagi.
Siagi kwenye mkate wa rai, siagi kwenye yai,
siagi juu ya piirakka ingali ya moto
ikayeyuka hadi kiganjani, akailamba, akacheka.
Mama mkwe alinifunza: pakaa
mpaka meno yake yaache alama.
Sikujaliwa maneno mengi. Nilijaliwa chumvi.

Muuguzi alinikalisha chini.
"Kuna damu ya ukoo," akasema, "kuna sigara,
kuna presha aliyotembea nayo miaka kumi
kama jiwe ndani ya kiatu cha mtu asiyevua viatu.
Usijibebeshe yote."
Nilibeba nusu, nikarudi nayo nyumbani.

Sasa ni tembe tano kwenye kisahani.
Moja ya kupunguza lehemu, moja ya presha,
mbili za kuzuia damu isigande kwenye ule wavu,
na ya tano husahau ni ya nini, humeza hivyo hivyo.
Daftari la namba liko pale palipokuwa na bakuli la siagi.
Jana alisukuma sahani:
"Viazi hivi vina ladha ya mvua."
Nikamwambia, "Basi kunywa mvua."
Tukanuna mpaka sauna ikapoa.

Usiku naweka sikio kifuani pake.
Nilifanya hivyo nilipokuwa bibi harusi,
nikitafuta jambo jingine kabisa.
"Unahesabu?" ananiuliza gizani.
"Lala."

Leo asubuhi theluji imeziba njia.
Ametoka na sepetu, nami nimesimama dirishani,
simu mfukoni mwa aproni.
Anasukuma, anasukuma. Katikati ya njia
anasimama. Anaegemea mpini.
Nimeshika simu tayari.
Kumbe anapumzika.
Mwanamume wa huku, mchana kweupe,
mbele ya macho ya jirani,
anapumzika.