Kamongo wa Gunia

Mkia niliushona mimi, kwa cherehani ya mguu,
pale Makoroboi, nyuma ya wauza ndoo.
Magunia mawili ya mpunga, sponji ya kochi lililokufa,
na juu yake shanga za gauni la harusi
ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua,
mwaka wa tatu huu, na salio lake bado nadai.
Bihemo alilishika, akalinusa, akasema:
"Hili. Samaki wangu atavaa hili."

Hadithi anaijua kila aliyekulia ufukweni kwetu.
Milembe alikataa wachumba saba na ng'ombe wao,
akampenda mgeni asiye na hata mbuzi,
mwenye kikohozi cha tope na viganja vya baridi.
Kumbe ni kamongo, avutaye hewa kama mtu,
alalaye kiangazi kizima ndani ya udongo.
Akamshusha majini. Kaka zake wakaja na mikuki,
wakamchoma mume, wakamrudisha dada,
akaolewa kwa ng'ombe kumi na wawili, akatulia.
Ndiyo maana, mama alikuwa akimalizia,
akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria,
sisi wanawake kamongo hatumli.
Ukiuliza Milembe mwenyewe alisema nini
ulipewa mwiko huohuo, utosini.

Tulipiga picha Igombe, siku nne, mvua ikitucheka.
Ndani ya mkia alikuwa Lugembe, fundi baiskeli,
akilalamika kwamba shanga zinamla mgongo.
Mikuki ilikuwa mabomba ya maji, ya kuazima.
Na kaka walipofika kwenye mlango wa tope
Bihemo hakuwa amewaandikia neno hata moja.
Aliyetoka ni Milembe, nywele zinachuruzika,
akawauliza, taratibu, kama anayeuliza bei:
"Mmekuja kumwokoa nani?"
Kisha akavuta pumzi, tukaisikia ikiingia,
akarudi chini, akayavuta maji juu yake
kama mtu anayejifunika shuka.

Kirumba, ukumbini, jenereta ikikohoa nje.
Kijana mmoja alipiga kelele: "Mchome! Mchome!"
Wasichana wa nyuma wakacheka,
halafu wakaacha kucheka.
Mama, kiti cha mbele, na dagaa wake kwenye gazeti,
hakula hata mmoja.

Tulipanda ngazi za mawe za Igogo, simu ikitumulika.
Katikati ya mlima akasimama.
"Na wale ng'ombe?"
Ng'ombe gani, mama?
"Kumi na wawili. Filamu yenu imewaacha wapi?
Kuna kaka mmoja alikuwa akiwangoja ili aoe."
Akakaa juu ya jiwe, akavua kiatu, akakikung'uta.
"Mimi nilikwenda kwa tisa.
Mjomba wako Ndaki alioa mwezi uleule."
Chini yetu karabai za wavuvi zilitapakaa ziwani
kama uzi wa shanga umekatika,
nami fundi, mwenye sindano kolani,
sikuwa na pa kuanzia kuokota.

Swali nilimfikishia Bihemo kesho yake.
Alijikuna kichwa kwa kalamu, muda mrefu.
"Bajeti ya ng'ombe," akasema, "haikuwepo."
Hakucheka. Akaliandika kwenye kiganja.

Jumapili wajukuu walimzunguka mama jikoni.
Wachumba saba wakapita, mgeni akakohoa,
maji yakafunguka, kaka wakainua mikuki,
na hapo mama akanyamaza, mwiko hewani.
Holo, wa miaka sita, akadhani amesahau,
akamsaidia: "Mmekuja kumwokoa nani?"
Mama alimtazama mtoto.
Akautazama mkia, kwenye msumari wake ukutani,
unaonuka ziwa hadi leo.
"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza."
Akatoka kwenda kugeuza dagaa juani,
na mwiko akausahau
mkononi mwa mtoto.