Alama

Tumeshuka garini wanawake watatu,
jopo la tuzo, vitambulisho shingoni,
viatu vyetu vimeshakuwa rangi ya Tabora.
Dokta Ntibashima ameshika futi ya chuma.
Mwenyekiti, Bi Kalunde, diwani wa zamani,
asiyeogopa mkandarasi wala mvua,
ameugonga ukuta kwa kifundo cha kidole
akasikiliza, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

Maktaba ya mtaa. Isevya, ng'ambo ya reli.
Tofali la kuchoma, halikupakwa kitu.
Paa limeinuliwa shubiri mbili juu ya kuta
ili joto litoke bila kuomba ruhusa.
Milango ya mninga, bado inanuka pori.
Msanifu ni binti wa miaka ishirini na tisa,
anaitwa Siwema, anauma kucha.

Nimesimama chumba cha watoto.
Kutoka relini nimehesabu hatua
mia moja na kumi na mbili,
hesabu niliyoijua kabla sijajua kusoma.

Hapa palikuwa jiko la mama.

Hapa, chini ya rafu ya vitabu vya wanyama,
figa la tatu lilikuwa na ufa,
mama akiliegemeza kigae.
Alikaanga vitumbua vya abiria wa Mpanda;
treni isipokuja
tulikula mtaji.

Akaja kijana wa halmashauri
na kopo la rangi nyekundu.
Hakubisha hodi. Akachora X ukutani,
akaichora vizuri, ncha zote nne sawa,
ungedhani naye anashindania tuzo.
Mama akauliza, "Hiyo inasomwaje?"
Nilikuwa kidato cha pili. Nilijua.
Nikasema sijui.

Fidia aliipokea kwa kidole gumba.
Wiki nzima alikula ugali
na ile zambarau kidoleni.
Barabara waliyoisema haikupita.
Miaka kumi na saba yakaota magugu,
mbuzi wa watu wakashiba.

Nimemwambia mwenyekiti: nina maslahi hapa.
Akafungua kanuni, ukurasa wa nne, akafunga.
"Nyumba ya mamako aliibomoa huyu binti?"
"Hapana."
"Basi fanya kazi."
Dokta hakusema neno. Akaivuta futi,
akanipa ncha moja niishike.

Tukapima. Dirisha, ngazi, kina cha baraza.
Jua la saa kumi lilifika mpaka ukuta wa mwisho
likatulia juu ya mtoto aliyelala
na kitabu cha hesabu usoni.

Ningependa jengo liwe baya.
Ningelipa mbili, nikaenda zangu kula.
Hili lilinikatalia, ukuta kwa ukuta.

Nikamuuliza Siwema: mlipochimba msingi
mlikuta nini?
Akaacha kucha. "Jiwe moja, mama. Jeusi, lina ufa.
Limejaa masizi."
"Likaenda wapi?"
Akatazama chini, kwenye sakafu aliyoing'arisha mwenyewe.
"Limo. Siku ile kokoto zilituishia."

Nikacheka. Sijui kilichonichekesha.
Bi Kalunde akanitazama juu ya miwani,
mtoto akageuza shavu, akaendelea kulala
juu ya figa la mama yangu.

Uimara: tisa. Hewa: kumi. Mwanga: kumi.
Kwenye mraba wa mwisho, *Kumbukumbu ya mahali*,
kalamu ikakauka.
Dokta akapekua mkoba wake
akaipata moja tu, nyekundu.

Niliishika muda mrefu kuliko inavyofaa.
Kisha nikaandika tisa,
polepole, mkia wake ukakunjika sawasawa.

"Mbona si kumi?" akauliza mwenyekiti.
"Ile moja," nikasema, "naidai halmashauri."