Kinachovuka Ukuta

Isevya, nyumba ya tatu kutoka kisimani,
nikiwa na miaka saba na surua,
wimbo mzima nilioufahamu duniani
ulikuwa: dum. Dum-dum. Kimya. Du.

Uliingia kupitia tofali mbichi,
ukapanda mguu wa kitanda,
ukanikalia kifuani kama paka wa jirani.
Bendi ilikuwa mbali, upande wa pili wa reli,
na waimbaji, tarumbeta, gitaa la solo,
vyote vilichoka njiani
vikalala kwenye karanga za watu.

Nilipoingia ukumbini mara ya kwanza,
suruali ya kaka, nimeikunja chini,
nilishangaa: kumbe kuna watu juu yake!
Mmoja analilia mapenzi, mwingine anamjibu.
Nikawaona kama wapangaji wapya
katika nyumba niliyoizoea.

Sasa kazi ni yangu.
Mihayo analeta wimbo, ameupiga mluzi
tangu Kiloleni, juu ya baiskeli.
"Tia besi," ananiambia,
kama mtu asemaye tia chumvi.
Nakaa uani juu ya ndoo ya asali niliyoipindua,
gitaa halina umeme,
kidevu nimekilaza kwenye mti wake
mfupa usikie kabla ya sikio.
Naandika nyuma ya stakabadhi za tumbaku za baba:
sifuri, tatu, tatu, tano.
Sifuri ni uzi mtupu.
Noti sizijui, nazo hazinijui;
tunasalimiana kwa mbali.

Kwanza huwa naandika nyingi.
Vidole vina kiherehere, vinataka kuonekana.
Kalunde, mwenye ubeti wa pili, ananitazama:
"Shemeji, nipishe nipite."
Nafuta moja. Nafuta nyingine.
Nafuta hata ile niliyoipenda,
iliyoshuka kinyumenyume
kama mtu na kreti la soda kwenye ngazi.
Naiandikia tarehe, naitunzia wimbo mwingine.
Zinabaki nne.
Ya nne siipigi.
Naiacha mahali pake, kiti cha mgeni.

Jumamosi, watu hawajajaa,
namwachia gitaa mdogo wangu Sizya:
"Rudia hizo tatu. Usiniongezee kitu."
Natoka. Relini nangoja treni ya Kigoma ipite,
behewa baada ya behewa, yenye besi
ambayo hakuna aliyeiandika,
kisha navuka, napita mashine ya kukoboa,
mpaka kwenye ukuta ule.
Wapo wengine siku hizi, wamepaka chokaa.
Mbwa wao ananibwekea. Naweka kiganja.

Kalunde hayumo.
Mihayo hayumo, na mluzi wake wote.
Tatu tu, na ile isiyopigwa.

Ndani kitanda kinalia; mtoto amegeuka,
anagonga ukuta kwa kisigino
pale pale nilipopaacha wazi.
Anachelewa kidogo.

Natoa stakabadhi mfukoni,
natafuta taa.